Kumkumbatia Mfungwa Kusiwe Fadhila

Mtu akikamatwa Kabiro, wadi iliyo upande wa Kawangware katika eneobunge la Dagoretti Kaskazini, au akikamatwa Kibera, majirani hawahitaji kuambiwa atakakopelekwa. Akifikishwa Mahakama ya Kibera na kukosa dhamana, mwanamume hupelekwa rumande ya Industrial Area, na mwanamke hupelekwa Lang'ata. Hukumu ikiwa nzito, mwanamume huenda akaishia Kamiti, upande mwingine kabisa wa jiji. Kuanzia hapo kazi inakuwa ya jamaa. Wataacha kibarua cha siku, watatafuta nauli ya matatu ya 46 hadi mjini na ya matatu nyingine kutoka mjini hadi gerezani, watapanga foleni langoni, wataacha kitambulisho na simu, watapekuliwa, kisha watangoja jina liitwe. Baada ya hayo yote, katika magereza yenye ulinzi mkali, hupewa dakika chache za kuongea kupitia wavu au kioo huku afande amesimama karibu. Mtoto aliyeletwa na nyanyake anamwona mamake, anamsikia akimwita jina, anainua mikono abebwe, na anaambiwa hapana.

Utaratibu huo hutofautiana gereza na gereza. Kuna magereza ambayo mkuu wake huwaachia wageni na wafungwa wakae benchi moja, na kuna mengine ambayo hata kumpa mtu mkono ni kosa. Tofauti hiyo yenyewe ndiyo inayopaswa kutusumbua. Jambo kubwa kama mtoto kumshika mzazi wake limeachwa litegemee gereza alilopangiwa mzazi, afande aliye zamu na hali ya siku hiyo. Naamini mambo yanafaa kugeuzwa: kushikana mikono, kukumbatiana na kumpakata mtoto kuwe ndiyo kawaida ya kumtembelea mfungwa, na kioo ndicho kiwe jambo linalohitaji sababu, iliyoandikwa, inayomhusu mtu mmoja na yenye tarehe ya mwisho.

Tuanze na sheria, kwa kuwa wengi wanadhani mfungwa ameacha haki zake zote langoni pamoja na mkanda wake. Kifungu cha 51 cha Katiba ya 2010 kinasema kinyume. Mtu aliyezuiliwa au kufungwa anabaki na haki zote zilizo katika Sheria ya Haki, isipokuwa pale ambapo ni wazi kwamba haki fulani haiwezi kwenda pamoja na hali ya kufungwa. Kwa maneno hayo mzigo umehamishwa. Si mfungwa tena anayepaswa kueleza kwa nini apewe. Gereza ndilo linalopaswa kueleza kwa nini linamnyima. Haki ya kutembea mjini haiwezi kwenda pamoja na kifungo, na hilo halina ubishi. Lakini mtu akimshika mwanawe mkono kwa dakika 20, ukuta unabaki palepale, lango linabaki limefungwa, na siku za kifungo hazipungui hata moja. Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru, iliyopitishwa mwaka 2014, nayo inatambua mawasiliano ya mfungwa na jamaa zake. Hata hivyo, kuhusu mguso wenyewe sheria zetu zimesema kidogo sana, na pengo hilo limejazwa na desturi za kila gereza.

Kuna mikataba pia. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na chini ya Kifungu cha 2(6) cha Katiba mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria ya nchi. Mkataba huo, katika kifungu chake cha 9, unampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kudumisha uhusiano na kuonana naye moja kwa moja, mara kwa mara, ila pale ambapo kuonana huko kunamdhuru. Haki hiyo imeandikwa kwa jina la mtoto, wala haisemi mzazi awe mtu mwema. Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa za mwaka 2010, zinazohusu wanawake walio gerezani, zimetamka wazi kwamba mama na mtoto waruhusiwe kugusana wanapotembeleana. Kanuni za Mandela za 2015, nazo za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, hazikutaja kukumbatiana, lakini zinakataza kumnyima mfungwa mawasiliano na familia yake kama adhabu, na zinataka njia za mawasiliano hayo zibanwe kwa muda maalumu tu na kwa kiasi ambacho usalama unahitaji. Kanuni hizo mbili si mikataba. Lakini Katiba inaliagiza Bunge lizingatie nyaraka za aina hiyo linapotunga sheria ya kuwashughulikia wafungwa kwa utu.

Jina la Mandela halikutajwa kwenye kanuni hizo kwa heshima tupu. Katika kisiwa cha Robben alionana na mkewe Winnie kupitia kioo, na watoto wadogo hawakuruhusiwa kabisa kufika. Alihamishiwa gereza la Pollsmoor mwaka 1982, na ilikuwa Mei 1984 ndipo wawili hao waliruhusiwa kukaa chumba kimoja na kukumbatiana, baada ya zaidi ya miaka 20. Serikali ya makaburu, ambayo haikuwa na huruma ya kusifiwa, iliona kwamba hata mfungwa iliyemwogopa kuliko wote angeweza kumkumbatia mkewe na gereza lisianguke. Haieleweki kwa nini jambo hilo limshinde askari anayemlinda kijana wa Kawangware anayedaiwa kuiba simu.

Kwetu Kenya mguso haukukosekana kabisa. Tangu mwaka 2003, wakati Moody Awori akiwa makamu wa rais na waziri wa mambo ya ndani, magereza yalianza kufungua milango kwa familia, wanahabari, makanisa na misikiti, na maisha ya ndani yakabadilika kwa namna ambayo wafungwa wa miaka ya 1990 wasingeamini. Katika mabadiliko hayo ziliota siku za wazi, ambapo familia hualikwa ndani ya ua, watoto hukaa mapajani mwa wazazi wao, watu hula pamoja na kupiga picha. Hizi ni siku za thamani, na maafisa wanaoziandaa wanastahili shukrani. Lakini siku ya wazi huja mara chache kwa mwaka, hutegemea bajeti na ridhaa ya mkuu wa gereza, na mara nyingi walio na rekodi nzuri ya nidhamu ndio hutangulizwa. Mwaka wa mtoto wa miaka mitano ni mrefu mno kupimwa kwa siku mbili au tatu za kubebwa. Na kitu kinachotolewa kwa hisani huweza kurudishwa kwa hasira. Mfungwa akijibizana na afande, anayekosa kukumbatiwa ni mtoto ambaye hakuwapo. Tena nchi yetu tunaijua: huduma yoyote iliyo mikononi mwa mtu mmoja, bila kanuni iliyobandikwa ukutani, haikawii kutafutiwa bei. Kanuni ya wazi humlinda mgeni maskini, na humlinda pia askari mwaminifu asiyetaka kushawishiwa.

Lang'ata ndipo palipo na hoja yenye nguvu kuliko zote. Sheria ya Magereza, Sura ya 90, inamruhusu mwanamke aliyefungwa kukaa gerezani na mtoto wake mchanga mpaka mtoto afikishe miaka minne. Kwa hiyo dola yetu imekwisha kukubali kwamba mtoto anahitaji mwili wa mamake kiasi cha kuvumilia alale ndani ya kuta za gereza kuliko alelewe nje bila yeye. Ni uamuzi wa busara. Mwaka 1945 daktari René Spitz alichapisha utafiti uliolinganisha watoto waliolelewa na mama zao wafungwa ndani ya gereza na watoto wa kituo cha waliotelekezwa, kituo safi chenye chakula na matibabu, ila mlezi mmoja alihudumia watoto wengi na hakuwa na nafasi ya kuwabeba. Watoto wa gerezani walikua. Wale wa kituo walidhoofu, na kati ya watoto 91 waliofuatiliwa, 34 walikuwa wamekufa ndani ya miaka miwili. Spitz alikosolewa baadaye kwa kasoro za mbinu zake, lakini ukweli kwamba mtoto asiyeshikwa huumia haukanushwi tena na madaktari wa watoto. Sasa tazama kinachotokea siku mtoto wa Lang'ata anapofikisha miaka minne. Jana alilala kifuani mwa mamake. Leo anachukuliwa na shangazi kwenda Kabiro, na wiki ijayo, akirudi kumtembelea, anaweza kuhesabiwa kuwa mgeni kama wageni wengine wote. Sheria iliyouthamini mguso huo kwa miaka minne mfululizo haiwezi kuuita hatari mwezi unaofuata.

Hali ya mahabusu nayo inastahili kutazamwa. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wengi walioko Industrial Area wako huko kwa sababu hawakuwa na pesa za dhamana au mtu wa kuwadhamini mwenye hati ya gari au shamba. Ukaguzi wa mfumo wa haki za jinai, uliofanywa na Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki na wenzake na kuchapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba mfumo huo unawaangukia maskini zaidi, na kwamba kesi nyingi ni za makosa madogo: kuuza barabarani bila leseni, ulevi, kuzurura. Hao ndio watu wa mitaa yetu. Na kwa kuwa rumande hiyo ni gereza la ulinzi mkali kabisa, asiyehukumiwa anaweza kubanwa kwa wavu kuliko aliyehukumiwa na kupelekwa gereza la shamba. Ikiwa kuna mtu wa kwanza wa kuruhusiwa kumshika mwanawe, ni yule ambaye sheria yenyewe inasema bado hajakosa.

Je, mguso unaleta faida gani zaidi ya faraja? Utafiti wa Idara ya Magereza ya jimbo la Minnesota, Marekani, uliotolewa mwaka 2011, ulifuatilia wafungwa zaidi ya 16,000 walioachiliwa kati ya 2003 na 2007. Waliotembelewa walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 13 wa kuhukumiwa tena kwa kosa kubwa. Nchini Uingereza, ripoti ya Lord Farmer ya 2017 ilinukuu takwimu za serikali kwamba wanaotembelewa na familia hurudia makosa kwa asilimia 39 chini ya wasiotembelewa. Takwimu hizi zahitaji kusomwa kwa uangalifu, maana huenda anayetembelewa ni yule ambaye tayari ana familia imara ya kumpokea. Watafiti wa Minnesota walijaribu kuondoa athari hiyo, na bado tofauti ilibaki. Tena zinapima kutembelewa, hazipimi kukumbatiwa. Kuhusu mguso wenyewe, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, watafiti wakiongozwa na mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwaingiza wanawake 16 walioolewa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaambia huenda wakapigwa shoti ndogo ya umeme. Waliposhika mkono wa mume, dalili za hofu ubongoni zilipungua kuliko walipoachwa peke yao, na kuliko waliposhika mkono wa mtu wasiyemjua. Ukiunganisha mambo haya mawili na akili ya kawaida, jibu linapatikana. Mama wa Kibera anayekata pesa za unga kwa ajili ya nauli atarudi mara nyingi zaidi mahali ambapo mjukuu wake alibebwa kuliko mahali ambapo mtoto alilia njia nzima ya kurudi nyumbani. Huku kwetu mkono ndio huanza kila jambo: ndio salamu, ndio pole ya msiba, ndio radhi ya mzee. Ukiuzuia, umeuzuia pia msamaha ambao familia nyingi zilikuwa zimekuja kuutoa.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni magendo. Bangi hufichwa kwenye nepi, laini ya simu hukunjwa kwenye leso, tembe hupitishwa mdomo kwa mdomo. Mambo haya hutokea, na askari anayeyahofia si mtu katili. Hata Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Block dhidi ya Rutherford ya 1984, ilikubali kwamba gereza la mahabusu la Los Angeles lingeweza kukataza mguso kwa sababu hiyo. Lakini tuangalie njia ambazo magendo hupitia kweli. Kwa miaka mingi Wakenya wamepokea ujumbe wa matapeli kwenye simu zao na kusema hao ni wa Kamiti. Kamiti ni gereza la ulinzi mkali, ambako mgeni na mfungwa hutenganishwa. Ikiwa simu huingia mahali ambapo watu hawagusani, basi zina njia nyingine. Novemba 2021 wafungwa watatu wa makosa ya ugaidi walitoroka gereza hilohilo, wakakamatwa Kitui siku chache baadaye. Rais Uhuru Kenyatta alimwondoa kazini Kamishna Jenerali Wycliffe Ogalo, na waliotiwa mbaroni kwa tuhuma za kuhusika walikuwa askari wa gereza.

Janga la korona lilitupa jaribio ambalo hakuna mtafiti angethubutu kulifanya. Machi 2020 serikali ilisimamisha matembezi yote gerezani kwa siku 30, na marufuku hiyo ikarefushwa. Nchi nyingi zilifanya hivyo. Katika jimbo la Texas, ambako matembezi ya ana kwa ana yalisitishwa na barua kubanwa, wanahabari wa The Marshall Project waliripoti mwaka 2021 kwamba dawa za kulevya ziliendelea kuingia vilevile. Mgeni hakuwapo, kumbatio halikuwapo, na magendo yalikuwapo. Hii haina maana kwamba upekuzi uachwe. Mgeni apekuliwe kabla, mfungwa apekuliwe baada, kwa heshima, mwanamke na mwanamke, na mtoto asivuliwe nguo. Atakayeshikwa na magendo apelekwe kwenye kioo kwa miezi kadhaa, na aandikiwe sababu. Ndivyo Uingereza inavyofanya: kwa kawaida mfungwa hukaa na wageni wake mezani, na kioo huwekewa yule aliyethibitika kuitumia vibaya nafasi hiyo. Kanuni za magereza ya serikali kuu ya Marekani nazo zinaagiza askari waruhusu kupeana mikono na kukumbatiana, isipokuwa kuwe na ushahidi wazi kwamba kufanya hivyo kutahatarisha usalama. Nchi yenye jina la ukali kuliko nyingi duniani imemtaka askari alete ushahidi.

Pingamizi la pili hutoka kwa waliokosewa, na halifai kujibiwa haraka haraka. Mzazi aliyemzika mwanawe huuliza kwa nini muuaji apewe kumkumbatia wa kwake. Maumivu hayo ni ya haki. Ila mahakama ilipompa mtu yule miaka yake, ilimnyang'anya uhuru wake. Haikumhukumu mtoto wake, wala haikuandika kwamba asishikwe na mtu maisha yake yote. Na karibu wote walioko ndani watatoka siku moja, warudi Kabiro, Gatina, Laini Saba, waishi mlango kwa mlango na waliowakosea. Jirani aliyekosewa ana sababu kuliko mtu yeyote ya kutaka arudi mtu ambaye bado ana familia inayomshika.

Wengine husema magereza yamejaa na askari hawatoshi, na hilo ni kweli tupu. Haiwezekani kufungua ukumbi kwa kila mgeni kila siku. Lakini inawezekana kuanza na watoto, na mahabusu, na wale waliobakiza miezi michache, kwa zamu zilizopangwa na meza fupi ambazo chini yake panaonekana. Siku za wazi zimeshaonyesha kwamba askari wetu wanajua kuifanya kazi hiyo mbele ya mamia ya watu kwa mpigo.

Kuna pia watoto ambao hawapaswi kuguswa na mzazi wao, kwa sababu yeye ndiye aliyewadhuru. Hao walindwe bila mjadala, na mtoto asiyetaka asilazimishwe na mtu yeyote, hata na nyanyake. Haki hii ni yake kwanza. Mjadala wa wanandoa kupewa faragha gerezani, ambao huzuka nchini mara kwa mara, ni suala jingine lenye ugumu wake. Haufai kutumiwa kuchelewesha jambo jepesi la mtu kumshika mwanawe mbele ya macho ya askari.

Idara ya Magereza inaweza kuanza bila kungoja Bunge, kwa waraka mmoja kwa wakuu wote wa magereza unaosema mguso ni kawaida, unaotaja vikwazo na sababu zake, na unaobandikwa langoni kwa Kiswahili. Wewe mwenye mtu ndani, usingoje waraka huo. Unapofika langoni, uliza siku ya wazi inayofuata ni lini na majina huandikwa wapi. Ukinyimwa mtoto kumshika mzazi, omba kwa adabu uambiwe sababu, kisha mwandikie mkuu wa gereza barua ukitaja Kifungu cha 51 cha Katiba na kifungu cha 9 cha Mkataba wa Haki za Mtoto. Usipojibiwa, peleka nakala kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ina mamlaka ya kuingia magerezani na kukagua. Asiyejua kuandika amwombe mwalimu, imamu au mchungaji wa mtaa amwandikie.